Ellsberg kapitwa na wakati? Jibu kwa anayeandika disatesheni ya kahawa na parachichi

"Shikamoo Dokta. Nasoma masters hapa Moshi, disatesheni yangu ni kwa nini wakulima wa kahawa wa Kibosho na Machame wanasita kuingia kwenye parachichi za Hass wakati kila mtu anasema zinalipa. Nimemtumia mchumi Daniel Ellsberg kama nadharia, kwamba binadamu anakwepa kitu ambacho hajui uwezekano wake. Supavaiza kanirudishia proposal kaandika pembeni kwamba nadharia imepitwa na wakati, wasomi walishaijibu, nitumie manufaa yanayotarajiwa kama wenzangu. Rafiki yangu naye anasema Ellsberg alithibitisha watu hawana mantiki, kwa hiyo nikimtumia ni kama nawatukana wakulima. Nimejaribu kusoma makala zenyewe, ni hesabu tupu na kila mmoja anasema lake. Naomba unieleweshe, wasomi walimpokea vipi huyu mtu, wamemkubali au wamemkataa? Na mimi niendelee naye au nimuache? Muda umebaki mdogo."

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa proposal kurudishwa, wengi tumepita hapo. Swali lako lina maswali matatu yamechanganyika: kama Ellsberg alikosea, kama alisema watu hawana akili, na kama anakufaa wewe na wakulima wako. La kwanza nikujibu haraka upumue. Hapana, hajakanushwa. Kile alichosema watu watachagua, watu wanaendelea kukichagua mpaka leo kwenye maabara za nchi nyingi. Ugomvi wa zaidi ya miaka 60 upo kwenye sababu ya kuchagua hivyo, na kama ni busara kuchagua hivyo. Ni kama madaktari waliokubaliana kwamba mgonjwa ana homa ila kila mmoja ana jina lake la ugonjwa. Supavaiza wako kashika kipande cha huo ugomvi, rafiki yako kashika kingine, na wewe umebaki katikati unadhani mmoja wao lazima awe sahihi.

Twende kwenye jaribio lenyewe kwanza, maana naona kwenye maelezo yako umelifupisha mpaka limepoteza nguvu. "Watu wanakwepa wasichokijua" hata bibi yangu angesema, hiyo si nadharia. Alichofanya Ellsberg kwenye makala yake ya 1961 katika Quarterly Journal of Economics ni hiki. Chukua chombo chenye gololi 90. Gololi 30 ni nyekundu, hilo unaambiwa na ni kweli. Zilizobaki 60 ni nyeusi na njano, ila mgawanyo wake huambiwi, inawezekana zote 60 ni nyeusi, inawezekana hamna nyeusi hata moja. Itachomolewa gololi moja bila kuangalia. Sasa nakupa chaguo la kwanza: upate sh 10,000 ikitoka nyekundu, au upate sh 10,000 ikitoka nyeusi? Wengi wanachukua nyekundu. Halafu chaguo la pili, chombo kilekile: upate sh 10,000 ikitoka nyekundu au njano, au upate ikitoka nyeusi au njano? Hapa wengi wanachukua nyeusi au njano, kwa sababu wanajua hizo jumla ni 60 kati ya 90, hazibadiliki.

Kaa hapo kidogo, usikimbie. Kwenye chaguo la kwanza ulipochukua nyekundu ni kama umesema nyekundu ina nafasi kubwa kuliko nyeusi. Kwenye la pili umesema kinyume, maana njano ipo pande zote mbili, ikitoka unalipwa vilevile upande wowote, kwa hiyo tofauti pekee iliyobaki ni nyekundu dhidi ya nyeusi na safari hii umechukua nyeusi. Hamna namba yoyote ya uwezekano unayoweza kuipa nyeusi ikakubaliana na machaguo yote mawili. Hakuna. Hata uwe mwoga wa riski kiasi gani haisaidii, kwa sababu zawadi ni ileile sh 10,000 kote. Hii ndo sababu nasema usichanganye kuogopa riski (uwezekano unaujua) na kuogopa utata (uwezekano huujui), ni vitu viwili, na proposal yako (kwa jinsi ulivyoieleza) inaviita jina moja.

Sasa aliyeguswa na hili alikuwa mtaalamu wa takwimu Leonard Savage, ambaye mwaka 1954 alitoa kitabu kinachosema mtu mwenye busara anaamua kana kwamba ana namba ya uwezekano kichwani kwa kila jambo, hata jambo asilolijua, halafu anapima manufaa yanayotarajiwa, yaani manufaa ya kila tokeo mara uwezekano wake, kisha anajumlisha. Na alikuwa na kanuni kwamba kitu kinacholipa sawa pande zote mbili kisibadilishe uamuzi wako, kama ile njano. Ellsberg akaipiga kanuni hiyohiyo. Na kwenye makala anataja majina bila aibu, kwamba wachumi Gérard Debreu na Paul Samuelson ni kati ya wale ambao hawakuivunja au walisema hawataivunja, ila Savage mwenyewe, mwenye kanuni, alipojaribiwa na Ellsberg akaivunja. Ellsberg anaongeza kwa utani kwamba amesita kumjaribu tena. Mimi kila nikifundisha hapo darasa linacheka, lakini ujumbe wake ni mzito na ndo jibu la rafiki yako: watu waliovunja kanuni hawakuwa watu wasioelewa hesabu. Ellsberg alidai kwamba kuna watu makini, wakielezwa kosa lao, wakafikiri upya, bado wanataka kubaki na chaguo lao, na kwamba haifai kuwaita wajinga haraka hivyo. Mwaka 1974 wanasaikolojia Paul Slovic na Amos Tversky wakalifanyia kazi hilo, wakawapa watu hoja za pande zote mbili wazisome, na wengi hawakubadilika. Kwa hiyo anayesema Ellsberg aliwatukana watu kamsoma mtu mwingine. Aliyewatetea ni yeye.

Kwa pembeni tu, kama unajiuliza ndo yuleyule aliyevujisha nyaraka za siri za vita ya Vietnam mwaka 1971, ndiyo, ndo yuleyule. Alifanya kazi RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, akishauri mambo ya maamuzi ya kijeshi, akafariki Juni 2023 akiwa na miaka 92. Hii ni sehemu ya jibu kwa nini alipotea kwenye uchumi: baada ya udaktari wake wa Harvard mwaka 1962 maisha yalimpeleka kwingine, hakukaa kujenga shule ya wafuasi, na tasnifu yenyewe ilikuja kuchapwa kama kitabu mwaka 2001. Usiweke hii kwenye disatesheni, inakula kurasa bure.

Mapokezi sasa. Jibu la kwanza lilikuja mwaka uleule 1961, jarida lilelile, kutoka kwa Howard Raiffa, na nadhani hili ndilo supavaiza wako analikumbuka akisema walishaijibu. Raiffa alisema hivi: tuseme kuna chombo cha gololi nyekundu na nyeusi ambacho hujui mgawanyo wake, unakiogopa. Haya, rusha shilingi, ikiangukia upande huu bashiri nyekundu, ikiangukia ule bashiri nyeusi. Vyovyote gololi zilivyogawanyika, nafasi yako ya kushinda ni nusu kamili. Sasa ulichokuwa unaogopa kiko wapi? Ni hoja nzuri, nakiri, na wanafunzi wengi wakiisikia wanahama kambi papo hapo. Na kwa miaka kama 20 wachumi wengi waliishi hivyo, kwamba Ellsberg ni kitendawili cha kuchangamshia darasa halafu mnaendelea na Savage. Walioendelea kumfanyia kazi kwa bidii walikuwa zaidi watu wa saikolojia na watu wa majaribio.

Mimi maoni yangu, na hapa unaweza kunibishia, ni kwamba shilingi ya Raiffa ina nguvu mezani na inaisha nguvu shambani. Mkulima wa Machame hawezi kurusha shilingi akabashiri upande wa pili wa parachichi. Hamna mahali anaweza kuweka dau kwamba mnunuzi hatakuja. Anaweza kupanda au kutopanda, au kupanda kipande. Utata wake una upande mmoja tu na hana namna ya kuusawazisha, kwa hiyo jibu la Raiffa halimfikii. Hiyo aya unaweza kuiandika kwa maneno yako mwenyewe kwenye sura ya pili na supavaiza ataona umesoma.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1989. David Schmeidler peke yake, na Schmeidler pamoja na Itzhak Gilboa, walitoa makala mbili zilizompa Ellsberg hesabu kamili alizokuwa anakosa. Ile ya wawili ndo rahisi kuielewa: badala ya mtu kuwa na namba moja ya uwezekano ana kundi la namba, mfano parachichi kufanikiwa yeye anaona ni kati ya mara 3 na mara 8 katika 10, basi anapopima anatumia ile mbaya kabisa, 3, na kama hata kwa hiyo 3 bado inalipa kuliko kahawa atapanda, la sivyo anabaki. Hizo hesabu tupu unazolalamikia nyingi ni watoto na wajukuu wa makala hizi. Toka hapo utata ukaingia mpaka kwenye uchumi wa fedha na sera, Lars Peter Hansen na Thomas Sargent wakajenga kazi kubwa juu ya mtunga sera asiyeamini modeli yake mwenyewe. Huwezi kuita kitu hicho kimepitwa na wakati, samahani kwa supavaiza.

Ila usishangilie mapema, maana wapinzani wa sasa ni wakali kuliko wa 1961 na hao ndo mtahini wako wa nje anaweza kukuulizia. Mwaka 2009 Nabil Al-Najjar na Jonathan Weinstein waliandika tathmini ngumu wakisema modeli hizi zikiwekwa kwenye maamuzi ya hatua kwa hatua zinaleta mambo ya ajabu, mtu anaweza kujipinga mwenyewe kesho au hata kukataa taarifa ya bure. Na wakasema labda watu kwenye jaribio wanaleta tu tabia ya kawaida ya maisha, kwamba mtu akikuficha kitu ana nia ya kukupiga. Mtafiti kashika mfuko, anajua kilichomo, hakuambii, wewe utauamini? Pia siyo kweli kwamba watu wanakwepa utata siku zote. Martin Kocher na wenzake mwaka 2018 walionyesha kwamba ukigusa hasara, au ushindi wenye nafasi ndogo sana, ule woga unapungua au unageuka kabisa. Kwa hiyo ile sentensi yako kwamba "binadamu anakwepa" ifute, weka "mara nyingi, kwenye faida zenye nafasi ya kati".

Sasa nifike kwenye kazi ambayo nadhani ndiyo itakuokoa na hujaitaja kabisa. Chip Heath na Amos Tversky, 1991. Walikuta kwamba mtu anayejiona anaijua siasa au mpira anapenda kuweka dau kwenye ubashiri wake mwenyewe kuliko kwenye bahati nasibu yenye uwezekano uleule, na kwenye mambo asiyoyajua anakimbilia bahati nasibu. Yaani siyo utata wenyewe, ni kujiona mjuzi au mgeni wa jambo. Halafu mwaka 1995 Craig Fox na Tversky wakaongeza kitu cha ajabu zaidi, kwamba ukimwuliza mtu chombo kisichojulikana peke yake, bila kuweka kinachojulikana pembeni yake, ile tofauti karibu inapotea. Ugeni unauma pale unapokumbushwa kwamba kuna kitu unakijua vizuri zaidi.

Sasa mtazame mkulima wako. Kahawa anaijua toka kwa babu yake, anaujua ugonjwa wa chulebuni, anaijua kutu ya majani, anajua bei ya mnada wa Moshi inavyopanda na kushuka na anajua AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inavyochelewesha malipo. Kahawa ina riski kubwa tu! Lakini ni riski aliyoizoea. Parachichi ya Hass hajui mnunuzi atakataa matunda mangapi, hajui mche wa kupandikiza aliouziwa ni wa kweli au la mpaka uzae, na hilo ni mwaka wa tatu hivi. Na kila akisimama kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, anaviona vyote viwili kwa pamoja, kinachojulikana pembeni ya kisichojulikana. Hapo swali lako linakuwa zuri kuliko lilivyokuwa: je anasita kwa sababu ya utata wa parachichi, au kwa sababu ya umahiri wake kwenye kahawa? Majibu mawili hayo yana ushauri tofauti kwa afisa ugani. La kwanza linataka taarifa za soko, la pili linataka mkulima apewe miche michache aguse mwenyewe.

Kuna kazi za wakulima zenye Ellsberg ndani, ili usiambiwe ni ya maabara tu. Peru walipima wakulima wadogo na wakakuta waliokwepa utata walikuwa wazito kuongeza aina nyingine za zao, hata baada ya kutenganisha na woga wa riski. Na Malawi kuna kisa kizuri zaidi cha Xavier Giné na Dean Yang: wakulima walipewa ofa ya mkopo wa mbegu bora, nusu bila bima ya mvua na nusu pamoja na bima. Bila bima asilimia 33 walichukua, wenye bima wakawa pungufu kwa pointi 13. Bima imepunguza wateja! Waandishi wenyewe walidhani ni kwa sababu mkopo tayari una kinga ndani yake, zao likifa utalipa nini. Gharad Bryan akaja baadaye akitumia data hiyo na nyingine ya Kenya akasema utata una mchango, maana mtu asiyejua hiyo mbegu mpya itafanya nini haoni bima ya mvua inamkinga na nini. Data moja, maelezo mawili, na yote yana mantiki.

Kuhusu uamuzi wako. Ukimuacha Ellsberg na kutumia manufaa yanayotarajiwa utamaliza haraka na supavaiza atasaini, na kama muda wako kweli ni wiki chache na huna hela ya kwenda field mara ya pili, fanya hivyo bila kujilaumu, umtaje Ellsberg kwenye mapungufu ya utafiti. Ukibaki naye lazima upime, huwezi kumtaja kwenye sura ya pili halafu dodoso linauliza "je unapenda kujaribu vitu vipya, 1 hadi 5". Hilo halipimi utata, linapima adabu ya mkulima kwa mgeni. Kupima ni mifuko miwili ya gololi, mmoja umejulikana mmoja haujulikani, na unabadilisha ule unaojulikana pole pole mpaka mkulima aseme sasa naona ni sawa tu. Mwache achague mwenyewe rangi ya kushindia, na mfuko usiojulikana ujazwe na mtu wanaemwamini hapo kijijini wewe ukiwa umegeuka, vinginevyo utakuwa unapima wanavyokuogopa wewe. Malipo yawe ya kweli hata kama madogo. Na jiandae, kuna wazee watasema hiyo ni kamari na wataondoka, waache waende na uandike wangapi walikataa.

Kingine, usimsingizie Ellsberg kila kitu. Mkulima anaweza kusita kwa sababu hana maji ya kumwagilia, au kihamba ni cha ukoo na hawezi kung'oa kahawa ya marehemu baba bila kikao cha ndugu, au eneo lake ni dogo na migomba imejaa. Usipouliza hayo, matokeo ya mifuko yako hayatakuwa na maana hata yakitoka mazuri.

Haya ya kuandika nimeyamaliza, yaliyobaki hayafanyiki kwa meseji. Omba nusu saa na supavaiza ana kwa ana, nenda na ukurasa mmoja tu wenye swali jipya na namna utakavyopima, usiende kumthibitishia kwamba alikosea, mwulize "jibu unalolisema ni la Raiffa au la Al-Najjar?" halafu umsikilize, inawezekana ana hoja ya tatu ambayo mimi siijui. Mtu wa takwimu mwone kabla ya kwenda field, siyo baada, hasa kuhusu idadi ya wakulima, maana majibu ya michezo hii yana kelele nyingi, yanayumbayumba, na sampuli ndogo itakuangusha. Kwa kuwa unatoa pesa kwa watu, ulizia kibali cha maadili chuoni kwako mapema na upite ofisi ya kata na kijiji na barua. Na kabla ya yote kaa na afisa ugani wa kata, au upande hadi TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungu uongee na watu wanaoijua kahawa ya Kilimanjaro, wakuambie nani kashaanza parachichi na nani kajaribu akaacha. Hao walioacha wahoji wa kwanza.